Kocha Aliyekataza Sabuni

Kocha alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaompenda, nao si wachache. Mimi nitawaambia habari za harufu. Sisemi harufu ya mwili wake, maana pale Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, sijaona mwanamume aliyejitunza kama yeye. Nasema harufu ya kazi yake. Msimu mzima ilikaa ndani ya gunia nyuma ya mlango wangu, na mpaka leo nikipita karibu na nguo zilizorundikwa zikiwa mbichi, huziba pua nikaharakisha.

Mimi ni muuza sabuni. Nina kibanda karibu na bomba la maji, mapipa, na kamba ndefu ya kuanikia, na kwa ajili ya kamba hiyo mdogo wangu Mugisho alinitafutia kazi ya kufua jezi za timu yao. Timu hiyo haikucheza mpira huu mnaoujua. Walicheza mpira wa Australia, ule uliochongoka huku na huku, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Kwetu uliitwa mpira wa papai. Uliletwa na watu wetu waliohamishiwa Australia, waliporudi kusalimia na mifuko ya mipira na viatu vilivyokwisha kuvaliwa na wengine. Baadaye ikawa ligi kabisa. Daraja la kwanza ni timu za mjini Mbarara, wanafunzi na vijana wa ofisini, wenye uwanja wa nyasi na maji ya chupa. Daraja la pili ni sisi wa kambini, na Oruchinga, na Rugaaga, na vijiji vingine vya Isingiro, tunaochezea malishoni huku tukigombana na wenye ng'ombe.

Kila upande wa uwanja husimamishwa miti minne ya mkaratusi, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Ukipitisha mpira kati ya ile mirefu unapata alama sita. Ukikosa, mpira ukapita kati ya mrefu na mfupi, unapata moja. Nyuma ya miti husimama mwamuzi mwenye koti jeupe. Akipeperusha bendera mbili ni sita, akipeperusha moja ni ile ya kukosa. Nilipoelezwa haya nilicheka mpaka nikaweka ndoo chini. Mchezo gani huu unaomtuza mtu kwa kukosa?

Kocha hakucheka.

"Mama," aliniambia, "mu hii mpira hata kukosa iko na alama. Sasa miye mukimbizi, nitaipata ile fasi gani ingine?"

Siku hiyo nilimpenda. Nasema hivyo msije mkadhani nilimchukia tangu mwanzo. Maneno matamu alikuwa nayo tele, na mengine yalifanya kazi. Alipoanza, Wakongo hawakutaka kuwapa Warundi mpira, na Warundi wakiupata waliupiga mbali makusudi ili Wakongo waukimbilie bure. Kocha akachukua kamba, akamfunga Mkongo mmoja na Mrundi mmoja mguu kwa mguu, akawaambia wazunguke uwanja. "Muguu haina kabila," akasema. Walianguka, wakatukanana kila mmoja kwa lugha yake, wakaanguka tena, mwisho wakaanza kucheka. Kuanzia hapo walipasiana. Padri na mchungaji walikuwa wamehubiri miaka na miaka wasipate hata nusu ya vile.

Lakini mtamu huyo huyo ndiye niliyemwona Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi. Magari yakileta wageni wapya kutoka mpakani, Kocha alikuwa anafika pale kabla hata hawajaandikishwa. Alibeba uji kwenye chupa ya chai na vipande vya sabuni alivyonunua kwangu, akawaonyesha choo kipi kinafungika na foleni ipi ya maji inasogea. Watu walimbariki. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtafuta binamu wa mume wangu, nikasimama kando nikamtazama vizuri. Mdomo ulikuwa unasema karibu, pole na safari, na macho yalikuwa yanapima urefu. Alimshika bega kijana mmoja mrefu, vumbi la njiani bado liko kwenye kope zake, akamgeuza, akamwambia aruke. Kijana hakuelewa.

"Ruka tu, mwanangu. Nione."

Akaruka. Mama yake alikuwa amekaa chini ananyonyesha mtoto mwingine, akatazama tu, maana mgeni hajui lipi ni sharti la serikali na lipi si sharti. Kocha akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akawapa sabuni. Mnunuzi wa mbuzi mnadani ana haya kuliko hiyo.

Nimesema alijitunza. Shati lake lilikuwa jeupe na limepigwa pasi ya mkaa, kucha zimekatwa, na mikono aliinawa mpaka kwenye viwiko, taratibu, kidole kwa kidole. Alijifunza hivyo kazini. Kule kwetu Kivu ya Kusini alikuwa munganga, ndivyo tunavyomwita hata muuguzi wa zahanati, na ufundi wake haukumtoka. Jirani yangu mmoja alishikwa na uchungu pale pale bombani, gari la wagonjwa likachelewa. Kocha ndiye aliyempokea mtoto. Mwanamke mmoja alileta kanga ya kumfunika kichanga, kanga yenyewe ina doa la mboga, na Kocha akamfokea mbele ya watu wote: "Ondoa ile! Uchafu inaua batu, mama! Inaua kuliko risasi!" Mtoto yule yu hai, anasoma. Nimeyaweka maneno hayo akilini kwa sababu niliyasikia kwa masikio yangu mawili, na ndiyo yananifanya nishindwe kumsamehe. Mjinga ningemwonea huruma.

Sasa niwaambie sharti lake. Walipocheza mechi ya kwanza ya msimu wakashinda, nilisubiri niletewe jezi. Gunia likaja, limefungwa mdomo, pamoja na ujumbe kwamba nisilifungue. Jezi iliyoshinda haifuliwi mpaka ishindwe. Nilidhani ni utani wa vijana, nikamfuata Kocha mwenyewe.

"Kocha, hii si bulozi hii?"

Alikasirika kweli kuambiwa ni uchawi. Alikuwa mzee wa kanisa, na msimu uliotangulia alimfukuza mchezaji mzima mzima kwa sababu alikutwa na hirizi ndani ya soksi. "Haiko bulozi, mama. Miye ni mutu wa Mungu. Ile ni nidhamu. Muchezaji akivaa jasho ya ushindi, anakumbuka kushinda."

Basi wakavaa jasho la ushindi. Wiki ya pili jezi zilikuwa zimekakamaa kwapani, chumvi imechora ramani mgongoni, na kwa kuwa tunachezea malishoni, lile lililokauka kifuani halikuwa udongo mtupu. Wiki ya tatu nzi walijua njia ya nyumbani kwangu. Na vile vikinga meno vilivyotoka Australia, vya kuvaa mdomoni, vilikuwa vichache kuliko midomo. Mmoja akitoka uwanjani alikitema kiganjani, mate yananing'inia, akampa anayeingia, naye akakitia mdomoni hivyo hivyo. Kukisuuza ilikuwa mwiko, kwani nacho kilikuwa kimeshinda. Vijana waliota majipu kwapani wakayaonyeshana kwa fahari. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawa walikuwa wamekivaa kwa hiari yao.

Mtauliza kwa nini gunia lilikaa kwangu na si kwa Kocha, ikiwa lilikuwa na baraka kiasi hicho. Nyumbani kwake hakutaka liingie. Alisema lingemharibia hewa.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Asubuhi moja nikafungua gunia, nikaroweka, nikasugua kwa sabuni ya mche mpaka maji yakatoka meusi, nikamwaga, nikarudia. Nilizianika kwenye kamba yangu, njano na kijani, zikapepea. Nilijisikia kama mtu aliyetoka kuungama. Jumamosi yake wakaenda Oruchinga wakafungwa vibaya.

Kocha hakunigombeza. Alikuja na shati lake jeupe akasimama mlangoni, akaongea polepole kama anayetoa rambirambi. "Mama, umeifua ekipi yote." Kisha akaondoka. Maneno hayo, kwamba nimeifua timu nzima, yalifika bombani kabla yangu. Wanawake waliacha kunipisha kwenye foleni, wachezaji walipita kibandani bila salamu, na Mugisho, niliyemlea tangu mama alipotufia njiani, alikula chakula changu kwa siku kadhaa bila kuniangalia usoni. Tangu siku hiyo, neno lolote nililosema juu ya usafi lilikuwa neno la mtu aliyeiangusha timu.

Naye Mugisho alikuwa na sababu zake. Alikuwa mrefu, na alikuwa na kipaji cha kuruka juu ya vichwa vya watu akaudaka mpira akiwa hewani, na katika mchezo huo ukidaka hivyo kila mtu anasimama wewe upige kwa nafasi. Wote waliamini kwamba timu ikipanda daraja la kwanza, wageni kutoka Australia watakuja Mbarara kuchagua wachezaji. Sijui nani alianzisha habari hiyo. Najua nani hakuikanusha. Kila mazoezi yakilegea Kocha aliangalia barabarani akasema, "Bale batu banaona mingi, hamujui tu." Na vijana wakaanza kukimbia upya. Mugisho alikuwa na miaka mingi ya kusubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, faili haliendi mbele wala nyuma, na hapo mtu anamwambia kuna mlango ambao unafunguliwa kwa kuruka.

Aliumia kwenye mechi na Rugaaga. Kiatu cha mwenzake, chenye njumu za chuma, kilimchana muundi wa mguu. Haikuwa kitu cha kutisha, ilikuwa damu na ngozi. Kocha akachana mkono wa jezi moja kwenye gunia, akamfunga kwa haraka, akamrudisha uwanjani. Timu iliyokuwa imezubaa tangu Oruchinga ikafufuka na kushinda. Na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nilijua kitakachofuata kabla hakijasemwa.

Kile kitambaa nacho kikawa cha ushindi. Hakikufunguliwa.

Wakashinda tena. Wakawashinda hata wale wa Oruchinga waliowafunga. Kwenye kila mechi kitambaa kilikuwa kimebadilika rangi, njano ikawa kahawia, kahawia ikawa ile rangi isiyo na jina. Nilimwambia Mugisho twende zahanati, ni hapa tu, hatuhitaji hata bodaboda.

"Kocha amesema ikwishe final."

"Kocha ndiye mwenye mguu?"

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "weye uliifua jezi, tukaanguka. Nikiifungua hii tukaanguka tena, batasema ni miye. Unataka nizeekee hapa nikiuza sabuni?"

Usiku alianza kulala mguu nje ya shuka. Alisema ni joto.

Siku mbili tatu kabla ya fainali nilikwenda mazoezini na birika la maji ya moto na chumvi, nikasema leo ama zangu ama zake. Mugisho alikuwa amekaa chini na mguu umenyooshwa. Kocha aliniona nikija, akaniwahi. Alipiga goti, akakunja suruali yake kwanza isichafuke, akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akavuta pumzi. Nilimwona. Kichwa kilirudi nyuma chenyewe, kama mtu aliyefungua sufuria la nyama iliyolala, na kwa kitambo uso wake haukuwa wa Kocha, ulikuwa wa munganga. Akainuka. Akaenda kwenye jerikeni akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kidole kwa kidole. Hakuwa amegusa kitu.

Aliporudi alikuwa amekwisha kuwa Kocha tena. "Bado kidogo," akasema. "Final ikikwisha, miye mwenyewe nitaifungua."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi yaliyo kwenye mguu wa mwenzake.

Fainali ya kupanda daraja ilichezewa Mbarara, kwenye nyasi. Tulikwenda na lori la Mnyankole mmoja aliyezoea kubeba ndizi, na vijana waliimba njia nzima. Mugisho aliegemea kona akatetemeka na jua lote lile. Tuliposhuka dereva alinivuta pembeni. "Nyabo, huyu kijana iko nanuka mbaya. Hii si jasho. Mimi nilibeba maiti, najua."

Nilimwendea Kocha nikamwambia mbele ya wote kwamba Mugisho hachezi. Alimgeukia Mugisho, akamuuliza kwa upole sana, "Mwanangu, unaweza?" Na huyo naye, na macho yake ya homa, akasema ndiyo. Hivyo ndivyo alivyofanya mambo yake siku zote. Hakumlazimisha mtu. Aliwauliza watu waliokuwa hawawezi kusema hapana.

Sitasimulia mechi yote. Wageni wa Australia hawakuwepo. Alikuwepo muuza aiskrimu na wanafunzi wachache waliokuwa wanangoja uwanja ubaki wazi. Alama zilikuwa sawa sawa, muda unaisha, mpira ukapigwa juu, na Mugisho akaruka kwa mguu mmoja akaudaka juu ya vichwa vyao. Alipewa nafasi yake. Akarudi hatua chache, akaja, akapiga, na mguu ukamkataa. Mpira ukaenda upande, ukapita kati ya mti mrefu na mfupi. Mwamuzi wa koti jeupe akapeperusha bendera moja.

Ile ya kukosa. Tukashinda kwa hiyo. Wakamrukia, wakarundikana juu yake, wakambeba juu na mguu ukining'inia, na kwenye zile nyasi safi kitambaa kikaachia tone. Kocha alikuwa amepiga magoti anamshukuru Mungu kwa sauti. Dereva wa lori ndiye aliyewapasua katikati.

"Banange, nyinyi mko watu? Mguu ya kijana naoza, nyinyi naimba? Weka yeye kwa lori!"

Hospitalini kitambaa kilikatwa kwa mkasi kwa sababu kilikuwa kimeshikamana na nyama. Sitaeleza kilichokuwa chini yake. Nitasema tu kwamba mwanafunzi wa udaktari alitoka nje na hakurudi. Daktari mkubwa aliniuliza jeraha lina siku ngapi, nikamwambia, akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau, akidhani ni mimi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Baadaye muuguzi alikuja akaniuliza kwa adabu kama familia itauchukua ikauzike, maana wapo wanaopenda hivyo. Nilikaa na swali hilo kwenye benchi. Ardhi tuliyopewa tumepewa kulima, na makaburi yetu yako kule tulikokimbia. Nikamwambia wauzike wao.

Kocha alikuja kesho yake. Alikuwa amefua shati. Alikuwa na kombe, kijikombe chepesi cha rangi ya dhahabu chenye masikio mawili, na alipoingia wodini alilishika mbele ya kifua kama anayepeleka sadaka. Mugisho alikuwa amelala, dawa zimemlewesha. Kocha akatafuta mahali pa kuliweka. Kitanda kilikuwa kimejaa blanketi, isipokuwa pale chini upande wa kulia palipokuwa tambarare. Akaliweka pale. Likasimama vizuri kabisa, mahali pa mguu.

Nilimtoa mpaka koridoni.

"Ulinusa," nilimwambia. "Nilikuona. Ulijua."

Alitazama mikono yake, akaigeuza. "Nilifikiri itangojea, mama," akasema. "Zilibaki siku kidogo tu. Nilifikiri itangojea."

Kama mguu ni mtu wa foleni.

Timu ilipanda. Ilicheza msimu mmoja kwenye nyasi, ikafungwa na kila aliyejisikia kuifunga, ikarudi daraja la pili. Hakuna aliyekwenda Australia kwa mpira. Kocha aliendelea na maisha yake ya kusifiwa. Yeye ndiye wa kwanza kwenye kila msiba na jembe begani, ndiye anayepatanisha waliogombania mipaka ya shamba, na wazazi wanampelekea watoto watukutu. Kwetu hakuingia. Akipita barabarani anapunga mkono kwa mbali, na Mugisho anapunga naye kwa nguvu, ameshika nyundo. Ni fundi viatu siku hizi, hapo mbele ya kibanda changu, na magongo yameegemezwa ukutani. Kila nikitoka sokoni swali lake la kwanza ni, "Umemuona Kocha? Hajambo?" Nami hujibu kwamba sikumwona, hata kama nimemwona. Siwezi kulieleza pendo hilo. Nikilifikiria napata kinyaa kile kile cha gunia.

Mwaka huu nilipeleka sabuni Rugaaga siku ya soko. Nyuma ya soko vijana walikuwa mazoezini na mpira wa papai, na kabla sijageuka nikasikia naitwa. Kocha amezeeka. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, kola yenyewe bado nyeupe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanivuta mpaka katikati ya vijana wake, nami kwa mshangao nikafuata.

"Munaona huyu mama?" aliwaambia. "Huyu ni dada ya yule simba niliwaambiaka. Yule wa final. Alikuwa na kidonda kubwa, muguu imefura hivi, akaniambia, Kocha, miye nitacheza. Hakulia. Akaruka juu ya batu bote. Ni yeye alitupandisha."

Vijana waliniangalia kwa heshima ambayo sikuiomba. Mmoja wao, ambaye naye alikuwa amejifunga tambara kwenye goti, akauliza, "Na sasa anacheza fasi gani?"

"Australia," Kocha akasema. Hakusita hata kidogo. "Bale batu balimuona, bakamubeba. Iko kule."

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu. Sikuiona. Niliona mzee aliyeridhika, macho yamelowa kidogo, anaamini. Alikuwa amekwisha kumsafirisha mdogo wangu muda mrefu, na kila msimu alikuwa akimsafirisha upya mbele ya vijana wapya, na hakuna shaka alilala vizuri. Damu ilinipanda.

"Yuko Nakivale," niliwaambia. "Anashona viatu mbele ya kibanda changu. Kidonda kilifungwa na huyu, na huyu alikuwa munganga, akakinusa akajua kimeoza, akamwacha acheze. Walimkata mguu Mbarara. Njooni mumwone, hatuko mbali." Kisha nikapiga goti pale pale kwenye mavumbi, nikamfungua yule kijana tambara lake. Chini yake palikuwa na mchubuko mdogo, umeanza kutoa maji. Nikampa kipande cha sabuni, nikamwambia aende akaoshe sasa hivi. Alimtazama Kocha kwanza, ndipo akaenda.

Kocha alibaki amesimama na mpira mikononi. Niliondoka nikijisikia mwepesi kama siku ile nilipozianika zile jezi, na njia yote ya kurudi nilikuwa nikipanga namna nitakavyomsimulia Mugisho.

Nilimkuta anapiga gundi soli. Nikamwambia yote. Nilipofika mahali pa Australia aliacha kupiga gundi.

"Alisema niko kule?"

"Alisema wazungu walikuona wakakubeba."

Alitabasamu. Ni tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu aliponiomba ile kamba yangu ya kuanikia. "Na alisema niko nacheza namba gani?"

"Sikumuuliza, Mugisho. Niliwaambia ukweli. Wote sasa wanajua uko hapa."

Akainamisha kichwa. Alichukua kiatu, akakigeuza, akakirudisha chini.

"Yaya," akasema, "si ungeniacha tu kule."